Duka la karatasi lenye mlango wa bati, Kariakoo: maoni ya fundi cherehani anayetengeneza kadi

Mimi ni fundi cherehani, Tandika. Kadi nilianza kuzitengeneza kwa sababu ya vipande. Kila fundi ana mfuko wa vipande chini ya meza: pembe za kitenge, pindo la kanga lililobaki baada ya mteja kutaka gauni fupi, satini isiyofika hata kiganja. Miaka sita iliyopita nilibandika kipande cha kanga kwenye karatasi ya manila, nikaandika Idi njema, nikampelekea mama mkwe. Akaiweka kwenye kabati la vyombo, mbele ya zile sahani zisizoguswa. Wageni wakauliza. Tangu hapo nina wateja wa magauni na wateja wa kadi, na mara nyingi ni wale wale.

Naandika haya kwa ajili ya duka moja la karatasi Kariakoo. Nimehangaika sana kabla ya kulipata, na sitaki mwingine ahangaike hivyo. Halina bango. Liko uchochoroni, dakika chache kwa miguu kutoka Mtaa wa Msimbazi, lina mlango wa bati uliopakwa kijani, na nje kuna toroli la karatasi karibu kila saa. Ukisikia mashine ya kukatia inashuka, umefika.

Nianze na kilichonipeleka huko.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, mwalimu mmoja wa chekechea aliniagiza kadi 36 za mahafali, moja kwa kila mtoto. Alizitaka kubwa, yaani A4 nzima ikunjwe katikati. Karatasi nilinunua duka la vifaa vya shule karibu na nyumbani, nzito, bluu iliyokoza upande mmoja na nyeupe upande wa pili, shilingi 400 moja. Kadi zangu ndogo nilizokuwa nazitengeneza kwa karatasi ya aina hiyo hiyo, A4 imekatwa vipande viwili na kila kipande kikakunjwa, zilikuwa zinakunjika bila shida. Hizi kubwa zikanikataa. Kila nilipokunja, mkunjo ulipasuka. Bluu ilivunjika kama rangi ya ukuta wenye unyevu, nyeupe ikachungulia mgongoni mwa kadi toka juu mpaka chini. Nikajaribu kukunja polepole. Nikajaribu pasi ya vuguvugu juu ya kitambaa. Mwisho nikapitisha peni ya bluu juu ya nyufa, ikaonekana wazi kwamba ni peni. Mwalimu alikuwa muungwana, hakupandisha sauti, lakini alizichukua kwa nusu bei. Kwenye 90,000 nikapata 45,000. Kilichoniuma zaidi ya hela ni wale watoto. Mtoto wa miaka sita anapewa kadi yenye jina lake kwa mara ya kwanza, nayo imepasuka mgongo.

Niliamini kosa ni la mkono wangu. Wiki mbili baadaye nilikwenda kununua kanga Mtaa wa Uhuru, nikamwuliza muuza kanga kama anajua mtu wa karatasi. Akanielekeza kwenye mlango wa kijani.

Mwenye duka ni mzee wa makamo ya marehemu baba yangu, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaona futi shingoni kwangu.

"Karibu, fundi. Nikusaidie nini?"

"Kadi zangu zinapasuka kwenye mkunjo, mzee."

"Unakunja upande gani?"

"Katikati."

"Katikati najua. Nauliza upande gani wa karatasi."

Sikuwa na jibu. Akachukua kipande cha mraba, kama sentimita kumi kila upande, akalowesha kidole kwenye kikombe cha maji na kukipitisha juu ya karatasi, upande mmoja tu. Tukasubiri. Kile kipande kikaanza kujikunja chenyewe mbele ya macho yangu, kikawa kama kibomba, na kikajikunja kuelekea upande mmoja, si ule mwingine. Akaweka penseli ndani ya kile kibomba.

"Penseli ilivyolala, ndivyo nyuzi zilivyolala. Ukikata sketi unatandika kitambaa hovyo hovyo?"

"Hapana, nafuata uzi."

"Na karatasi ina uzi."

Miaka ishirini nakata vitambaa. Najua sketi iliyokatwa mshazari inavyoning'inia, najua suruali iliyokosa uzi inavyozunguka mguuni. Na miaka sita nimekata karatasi kana kwamba haina asili. Mzee akanieleza bila haraka: karatasi inatengenezwa kwa nyuzi ndogo ndogo za mti zinazosafiri na mashine, nyingi zinalala kuelekea upande ule mashine inakokwenda. Ukikunja kwa kufuata nyuzi, mkunjo unakuwa safi. Ukikunja kwa kuzikata, nyuzi zinavunjika, na kama juu kuna rangi, rangi inavunjika nazo. Zikilowa zinanenepa ubavuni zaidi kuliko zinavyorefuka, ndiyo maana kile kipande kilijiviringa upande ule.

Hapo fumbo langu likafumbuka. A4 nyingi za dukani nyuzi zake zinakwenda kwa urefu. Ukiikata vipande viwili kwa ajili ya kadi ndogo, mkunjo wa kila kipande unafuata urefu wa ile A4 ya mwanzo, kwa hiyo unafuata nyuzi bila wewe kujua. Ukiikunja nzima katikati, mkunjo unapita kwa upana na unazivunja zote. Kadi zangu ndogo zilikuwa nzuri kwa bahati. Mkono wangu haukuwa na kosa.

Kama huna maji karibu, shika karatasi kwa mikono miwili, ikunje bila kuibana, iache irudi, kisha igeuze na kuikunja upande mwingine. Upande mmoja unatii na mwingine unasukuma mkono. Au chana pembe: kwa kufuata nyuzi inachanika mstari, kwa kuzikata inachanika kwa meno meno. Mzee anakuruhusu kufanya yote hayo dukani kwake, na hapo ndipo alipowashinda wengine wote. Kwingine karatasi imefungwa kwenye nailoni, ukiigusa mara mbili muuzaji anakuuliza kama unanunua au unaangalia.

Huduma yenyewe iko hivi. Anauza shiti kubwa, nimezipima kwa futi yangu, sentimita 64 kwa 90. Kadi ya gramu 250 kwa mita ya mraba, rangi ya maziwa, isiyong'aa, nililipa 2,500 shiti moja. Anakukatia pale pale, na anakukatia kwa uzi unaoutaka. Shiti hiyo ukiikata kwa njia ya kawaida inatoa A4 tisa, nyuzi zake kwa urefu. Ukiitaka A4 ya kukunja nzima, nyuzi ziende kwa upana, inatoa nane. Kipande kimoja kinapotea, na mzee anakwambia mapema ili usije ukadhani umeibiwa. Nilipata oda nyingine ya kadi 36 za ukubwa ule ule mwezi wa pili, safari hii za kipaimara. Kwa njia ya kawaida ningetumia shiti nne, kwa njia yake nilitumia tano na nikabaki na A4 nne za akiba. Shiti tano 12,500, kukata 2,000, na kupigiwa mistari ya mkunjo kwa mashine shilingi 50 kila moja, yaani 2,000. Jumla 16,500 kwa karatasi 40, kama shilingi 412 kila moja. Zile za duka la jirani zilikuwa 400 na hazikuwa na mstari wa mkunjo. Kwa tofauti ya shilingi 12 hakuna kadi hata moja iliyopasuka.

Mstari wa mkunjo unaweza kujipigia mwenyewe nyumbani kama ni kadi chache. Chukua biki iliyokwisha wino, rula ya chuma, bonyeza mstari mara mbili. Upande wa pili utaona umetokea mwinuko mwembamba kama mshono. Ule mwinuko ukae ndani ya kadi unapokunja. Wengi wanafanya kinyume, hata mimi nilifanya kinyume miaka yote, kwa sababu jicho linakwambia ukunje kuelekea kwenye mfereji.

Jambo la pili ninalolipenda kwenye duka hili: hakukatii kabla hujamwonyesha bahasha. "Bahasha iko wapi, fundi?" Mara ya kwanza niliona ananichelewesha. Lakini nilishawahi kutengeneza kadi 20 za mraba, sentimita 15 kwa 15, nzuri kweli, za harusi ya mpwa wangu, halafu nikazunguka siku mbili kutafuta bahasha ya mraba. Hakuna. Nikakata bahasha 20 kwa mkono usiku wa kuamkia siku ya kugawa. Tangu mzee anifundishe, naanza na bahasha. Ile ndogo ya sentimita 11.4 kwa 16.2 inameza kadi ya 10.5 kwa 14.8 na kuiachia pumzi pembeni. Ile ya 16.2 kwa 22.9 inameza kadi ya 14.8 kwa 21. Kama unaweka kitambaa au kitu chochote chenye unene, ile pumzi ndiyo inayoliwa, kwa hiyo punguza kadi milimita mbili tatu kila upande kabla ya kuanza kupamba. Kadi ikiingia kwa nguvu, inatoka na pembe zilizovunjika, na mpokeaji anachokiona kwanza ni pembe.

Vifungo nimeviacha kabisa. Fundi ana vifungo vingi vizuri, mkono unawasha kuviweka. Lakini kifungo kinachapa alama yake ukurasa wa ndani, na kadi zikipangwa kwenye mfuko kifungo cha moja kinatoboa bahasha ya nyingine. Badala yake nashona kadi yenyewe kwa cherehani, na hilo mzee alinisaidia kwa kunipa masalia ya kujaribia, bure, rundo zima. Nimejifunza kwa kuharibu. Mshono wa kawaida wa nguo kwenye karatasi ni mkato: matundu yanakaribiana, ukikunja kidogo inachanika kama stempu. Refusha hatua ya mshono mpaka milimita nne. Usirudishe nyuma mwanzoni na mwishoni kama unavyofunga mshono wa nguo. Acha uzi mrefu, uvute upande wa ndani, funga fundo kwa mkono. Na sindano ya karatasi iwe ya karatasi tu, maana karatasi inaila ncha haraka, ukiirudisha kwenye hariri utalia.

Sasa kuhusu aina za karatasi alizonazo. Ile ya maziwa isiyong'aa ndiyo niichukuayo karibu kila mara. Ya kung'aa anayo pia, wenye kuchapisha kadi za michango na mialiko wanaipenda kwa sababu picha inatoka kali, lakini kwa kadi ya mkono siishauri: wino wa peni hauingii, unakaa juu, mtu anaandika "Mpendwa shangazi" halafu kiganja kinapita na kuburuta jina lote. Kaki anayo nzuri, nene, na hiyo kwa kanga ni moto. Nilibandika kipande cha kisutu, ile kanga nyekundu, nyeusi na nyeupe ya maharusi, kwenye kaki, nikaandika Hongera kwa kalamu nyeusi, basi. Sikuweka kitu kingine. Imekuwa kadi yangu inayouzwa kuliko zote.

Kisutu kinakaa vizuri kwenye kadi kwa sababu maua yake ni madogo. Hili nililielewa nilipotandaza kadi zangu za zamani zote kitandani nikaziangalia kwa pamoja. Kitenge chenye duara kubwa kama sahani kinapendeza mwilini, kwa sababu mwili ni mkubwa na unatembea. Ukikikata sentimita sita kwa sita unapata kona ya duara, rangi mbili na mstari usiojulikana unatoka wapi. Chagua kitambaa ambacho ua zima linatosha kwenye kiganja. Na rangi ya maandishi itoe kwenye kitambaa chenyewe. Kama kanga ina manjano, nyeusi na zambarau, andika kwa mojawapo ya hizo, usilete ya nne kutoka dukani. Zile pambo za kumeta za unga nimeziacha tangu mteja mmoja aliponiambia mtoto wake alitoka nazo machoni.

Kitambaa chenyewe usikifue kabla. Kanga mpya ina wanga, ile hali ya kukakamaa, na huo wanga ndio unaozuia nyuzi kufumuka ukingoni. Ukishaifua umepoteza msaidizi. Mimi naipigia pasi upande wa nyuma kile kitambaa cha kola chenye gundi, kinachoshika kwa joto, kisha nakata. Halafu sikibandiki juu ya kadi. Natoboa dirisha kwenye uso wa kadi, tuseme sentimita sita kwa sita, natanguliza kitambaa kwa nyuma, ukingo wake unajificha. Kutoka mbele unaona kitambaa kimekaa ndani ya fremu, hakuna uzi hata mmoja unaoning'inia. Nyuma yake nafunika kwa karatasi nyembamba. Dirisha usilichore katikati kwa rula. Liweke juu kidogo ya katikati, nafasi ya chini iwe kubwa kuliko ya juu. Ukiliweka katikati kamili jicho linaliona limeteremka, kama mfuko wa shati ulioshonwa chini.

Gundi ya maji nyeupe inashika, lakini inalowesha, na karatasi iliyolowa inanenepa upande mmoja kama kile kipande cha mzee. Ndiyo maana kadi nyingi za mkono zinapinda kama ganda la muwa. Selotepu ya pande mbili inatosha kwa dirisha. Kama lazima gundi, paka nyembamba, funika, lundika vitabu juu mpaka asubuhi.

Nataka kuwaonyesha kadi moja kwa karibu. Jirani yangu alilazwa wiki tatu mwezi wa nne. Nilikuwa na kanga yenye jina "Mgeni njoo mwenyeji apone", masalia ya mteja. Nilitaka kukata ua tu, lakini macho yangu yakaangukia lile neno la mwisho. Apone. Nikalikata peke yake, herufi nyeusi kwenye uwanja mweupe, ukingo mwembamba wa kijani juu na chini, urefu kama sentimita tisa. Nikatoboa dirisha la kulitosha neno hilo tu, nikaacha sehemu yote ya juu ya kadi wazi. Ndani nikaandika majina ya wamama wote wa mtaa, kila mmoja kwa mkono wake. Mtu akiwa mgonjwa anapewa maneno mengi sana. Lile neno lilikuwa dua tayari, limekaa kwenye kanga linasubiri. Jirani alirudi nyumbani na kadi ameibandika juu ya kitanda, na mpaka leo ipo.

Lakini ukikata maneno ya kanga, soma unachobakiza kabla ya mkasi. "Fadhila ya punda ni mateke" ni jina la kanga, na ukikata kwa kufuata ua tu unaweza kumpelekea bibi harusi kadi iliyoandikwa "mateke" pembeni. Watu wetu wanasoma kanga. Hata nusu ya herufi wataimalizia wenyewe, na watajiuliza ulikuwa na maana gani.

Nirudi dukani, nitaje na mapungufu, maana yapo.

Bahasha zake ni tatizo. Anaziweka kwenye maboksi chini sakafuni, na kwa joto na unyevu wa Dar gundi ya mdomo inalainika na bahasha zinajifunga zenyewe kabla hujaziweka kitu. Mara moja nilinunua 50, nyumbani nikakuta 12 zimeshikana. Nilizirudisha. Alinibadilishia sita akasema nyingine nizifungue kwa mvuke wa birika. Nilizifungua, zikatoka na mawimbi. Sikupenda. Siku hizi nakagua moja moja mbele yake, na nikifika nyumbani naweka kipande cha karatasi chini ya kila mdomo wa bahasha. Kwa bahasha pekee ningekwambia nenda kwingine.

Mashine ya kukatia ni moja, na kijana anayeiendesha ni mmoja. Ijumaa na Jumamosi wanakuja wenye kazi za mialiko na kadi za michango, mafungu ya elfu elfu, na mwenye shiti tano anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa mpaka saa nane. Nenda Jumanne asubuhi. Pia kisu kikikaribia kunolewa, ukingo wa karatasi unatoka na manyoya. Pitisha kidole kwenye kipande cha kwanza kabla hajaendelea, umwambie. Kijana hakasiriki, anageuza kibao cha chini na kukata upya, ila hatakwambia mwenyewe.

Rangi ni chache. Maziwa, nyeupe, kaki, nyeusi akipata. Kijani cha kadi za Idi nimekiulizia tangu mwezi wa Ramadhani, sijakiona. Risiti anaandika ukidai. Na ngazi ya kuingilia ni mbaya, nimemwona mama mmoja mjamzito akishindwa kupanda na kuhudumiwa akiwa nje juani. Hilo ni jepesi kurekebisha, nimemwambia mzee mara mbili na nitamwambia ya tatu.

Wapo watakaosema nani anapeleka kadi leo, watu wanatumiana picha za maua kwenye simu. Mimi ninao wateja. Mama mkwe ana simu nzuri tu, mjukuu wake amemwekea kila kitu, na bado ile kadi ya kwanza iko kwenye kabati na manila yake imebadilika rangi. Nilimwomba aniruhusu niitengeneze upya kwa karatasi nzuri. Akakataa.

Jumanne iliyopita nilikwenda tena, oda ya kadi 40 za harusi, kaki na kisutu. Shiti tano, nane nane. Kijana alipomaliza akataka kusukuma mabaki kwenye gunia, nikamzuia. Kwenye kila shiti iliyokatwa kwa njia ya nane kunabaki utepe wa sentimita 4.6 kwa 90 na mwingine wa 6 kwa 59.4. Ule wa kwanza unatoa vikadi kumi vya sentimita tisa, wa pili unatoa sita. Ni vya kufungia kwenye zawadi, tundu moja kwa pansi, kile kitobozi cha karatasi, uzi wa cherehani, jina la mtu. Shiti tano, vikadi 80. Bibi harusi amevichukua vyote kwa shilingi 100 kimoja, ndiyo 8,000, na mzee ameniandikia kwenye ukuta wa duka kwa chaki: mabaki ya fundi yasitupwe.